Gari letu la familia litauweza mchanga wa K'gari?

"Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi Brisbane, Australia, mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Mwezi wa tisa mama yangu anakuja kututembelea kutoka Tabora. Ana miaka 68 na mgongo unamsumbua. Tunataka kumpeleka kisiwa cha K'gari, kile kilichokuwa kikiitwa Fraser, tulale siku mbili, aone nyangumi na lile ziwa la mchanga mweupe. Tuna RAV4 inayosukuma matairi yote manne. Rafiki yangu anasema nipunguze upepo, nikanyage mafuta nisisimame, tutafika tu. Mke wangu anaogopa wale mbwa. Sisi ni watu wa bara, mambo ya bahari hatuyajui. Twende na gari letu, tukodi jingine, au tuache kabisa?"

Nendeni, ndugu yangu, ila RAV4 msiivushe. Naona umeuliza kuhusu gari, mkeo kauliza kuhusu mbwa, na mgongo wa mama umeutaja kwa kupitia tu. Kwa maoni yangu huo mgongo ndio unaopaswa kuamua safari hii iendeje, na nitaurudia. Kwanza tumalize habari ya gari, maana ndiyo inayowaingiza watu wengi hasara.

K'gari ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichojengwa kwa mchanga. Kina urefu wa kilomita zaidi ya 120, na karibu hakuna lami. Idara ya hifadhi ya jimbo la Queensland inataka gari la 4x4 lililoinuka, lenye ile gia nzito iliyoandikwa 4L. Magari ya familia kama lako haiyapendekezi, hata kama yanasukuma matairi yote manne. Watu wengi hudhani hiyo ni tahadhari ya maofisa tu. Sivyo, na sababu utaielewa ukiziona njia za ndani ya kisiwa.

Njia hizo ni za gari moja, zinapita katikati ya msitu, na magari yaliyotangulia yamechimba mitaro miwili mirefu. Katikati ya mitaro hiyo hubaki tuta la mchanga. Land Cruiser inapita juu ya tuta bila kuligusa. RAV4 ina nafasi ya kama sentimita 20 tu kutoka chini hadi tumboni, kwa hiyo inaanza kulikwangua tuta, kisha inalikalia. Gari likishakaa kwa tumbo, matairi yanabaki yanazunguka bila uzito wa kuyakandamiza, na hata ungekuwa na injini ya lori usingetoka. Tena magari haya yana kompyuta inayozuia tairi kuteleza. Kwenye lami iliyolowa ni msaada mkubwa. Kwenye mchanga inaona tairi limeteleza, inakata nguvu au inalishika tairi breki, na inafanya hivyo pale pale unapohitaji gari liendelee kutembea. Ile klachi inayopeleka nguvu nyuma nayo ikifanya kazi ngumu kwa muda mrefu hupata moto na kujiondoa yenyewe, ukabaki na magurudumu ya mbele peke yake.

Wapo waliofika na RAV4, sikatai. Mvua ikinyesha mchanga hushikana, na siku kama hiyo hata gari dogo hupita, mwenyewe akarudi nyumbani akirusha video. Siku kavu, msimu wa likizo, magari mia yakiwa yameshapita mbele yako, ni habari nyingine. Na ukikwama kwenye njia ya gari moja, foleni yote iliyo nyuma yako imekwama pia.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Nusu yake ni sahihi kabisa. Upepo unapunguzwa, tena ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kugusa mchanga. Ukitaka kuona kwa nini, mtazame mtu aliyevaa viatu vya kisigino kirefu ufukweni, halafu mtazame aliyevaa kandambili. Uzito ni ule ule, ila mmoja anadidimia. Tairi likiwa na upepo wa 35 (kwa kipimo cha PSI) linagusa chini kwa kipande kifupi. Ukishusha hadi 18 au 20, lile tairi linalala, na kipande kinachogusa chini kinarefuka. Kinarefuka kuliko kinavyopanuka, na huo urefu ndio unaosaidia, maana tairi linapanda juu ya mchanga badala ya kuusukuma mbele yake kama greda. Mahali laini sana watu hushuka hadi 16. Chini ya hapo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Na ukiwa na upepo mdogo hivyo, gari linayumba, kwa hiyo hukimbii. Ukirudi kwenye lami unajaza tena kabla ya kuondoka. Hivyo basi, kipimo cha upepo na pampu inayotumia betri ya gari ni vitu vya lazima.

Nusu ya pili, ile ya kukanyaga mafuta bila kusimama, isahau. Mchanga unataka mwendo wa polepole usiokatika, gia moja, usukani uliotulia. Mtu akiongeza mafuta wakati tairi limeanza kuzunguka bure, anachofanya ni kujichimbia shimo, na tairi huchimba upesi kuliko koleo. Ukihisi gari linazama, acha mafuta mara moja. Shuka, futa mchanga mbele na nyuma ya kila tairi na chini ya tumbo, shusha upepo kidogo zaidi, halafu rudi nyuma kwa kufuata alama zako mwenyewe, kwa sababu mchanga wa pale umeshashindiliwa. Mara nyingi hilo linatosha. Kusimama nako kuna namna yake: ukifunga breki ghafla unatengeneza kijituta mbele ya kila tairi na kuondoka inakuwa taabu. Ondoa mguu kwenye mafuta, mchanga wenyewe utakusimamisha, na uchague mahali penye mteremko kidogo.

Tuje kwenye bahari. Upande wa mashariki wa kisiwa kuna ufuo mrefu unaoitwa 75 Mile Beach, na ufuo huo ni barabara rasmi. Una kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa, polisi wanapita na kupima ulevi, mikanda ya viti inafungwa, na ndege ndogo za watalii zinatua humo humo; ndege ikija, unaipisha. Njia za ndani kikomo ni 30, na sehemu nyingi hata hiyo 30 hutaifikisha.

Barabara hii inafunguliwa na kufungwa na maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa kuna saa sita na dakika kidogo. Kila siku ratiba inasogea mbele kwa dakika kama 50, ndiyo maana saa iliyomfaa jirani yako wiki iliyopita haikufai wewe. Kanuni wanayofuata wenyeji ni kutoingia ufuoni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baada yake. Kwa wageni nashauri jambo la hadhari zaidi: tafuta saa ya maji kupwa kabisa, ujiwekee saa tatu kabla yake na tatu baada. Yakipwa saa sita mchana, ingieni saa tatu asubuhi na muwe mmeshatoka ufuoni saa tisa alasiri. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda juu zaidi na nafasi hupungua. Jedwali la maji linapatikana bure. Chapisheni karatasi, maana mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha.

Kwa nini maji yakipwa ndipo pa kupita? Mchanga mkavu wa juu ya ufuo ni punje zisizoshikana. Kila tairi linazisukuma pembeni na kuzama. Ule uliotoka kufunikwa na bahari una unyevu kidogo kati ya punje, na unyevu huo unazivuta zigandamane, hadi unakuwa mgumu kama sakafu. Ukishuka chini zaidi, pale mawimbi yanapolamba, maji yamejaza nafasi zote kati ya punje. Tairi likitikisa hapo, punje zinaachiana na gari linatitia. Mtu anakuwa na gari zuri, upepo sahihi, ila kapita mita chache karibu mno na mawimbi kwa sababu watoto wanapenda kuona maji yakiruka. Akikwama hapo wakati bahari inarudi, hana muda. Pita katikati, kwenye ule ukanda wa rangi iliyoiva kidogo lakini usiong'aa maji.

Hatari nyingine ya ufuoni huioni hadi uifikie. Vijito vya maji baridi vinashuka kutoka msituni na kukata ufuo kuelekea baharini. Kila kijito kinachimba kingo, wakati mwingine ya kufika magotini, wima kama imekatwa kwa panga. Kwa mbali, jua likiwa juu, ufuo unaonekana tambarare tupu. Gari linalokuja kwa 80 linaruka, na likitua ndipo ekseli na migongo inapovunjika. Ukiona ukanda unaometa mbele yako, au magari ya mbele yanapunguza mwendo bila sababu, punguza nawe. Gari lililojaa watu na mizigo juu ya paa ndilo linalopinduka kwa wepesi, kwa hiyo paa liwe tupu.

Nimesema mengi ya kutisha, ngoja niseme kwa nini bado nawaambia nendeni. Mchanga wote ule ulisafirishwa na mito na mikondo ya bahari kutoka kusini, pwani ya New South Wales, ukarundikwa na upepo kwa zaidi ya miaka laki saba. Juu ya vilima hivyo, vingine virefu kupita mita 200, umeota msitu mnene wa mvua. Mtu anayelima anajua mchanga mtupu hauoteshi kitu. Hapa miti mirefu inaishi kwa msaada wa kuvu wanaokaa kwenye mizizi na kuiletea chakula, na kila jani linalooza linarudishwa kazini. Pale Central Station, mahali pa mapumziko katikati ya msitu, kuna kijito, Wanggoolba, kinapita juu ya mchanga mweupe bila sauti, maji yake maangavu kiasi kwamba mtoto huuliza kama yapo. UNESCO iliandikisha kisiwa hiki kuwa urithi wa dunia mwaka 1992. Ni nchi ya Wabutchulla, wenyeji wake wa asili, na jina lao la kale, K'gari, lilirudishwa rasmi mwaka 2023.

Lile ziwa jeupe ni Boorangoora, linaloitwa pia McKenzie. Halina mto unaoingia wala chemchemi. Ni mvua tupu iliyokaa juu ya tabaka la majani yaliyooza na kushikamana na mchanga hadi maji yakashindwa kupenya. Kwa kuwa halina mkondo wa kulisafisha, chochote mnachoingia nacho kinabaki: mafuta ya ngozi, sabuni, mkojo wa mtoto. Wapitisheni watoto chooni kwanza. Ufuoni wa mashariki kuna Eli Creek, kijito ambacho watoto hukaa kwenye boya na maji yanawabeba polepole, mahali pazuri kuliko pote kwa umri wa wako. Mbele yake kuna mabaki ya meli Maheno, iliyojengwa 1905 na kutupwa ufuoni na dhoruba mwaka 1935 ikivutwa kwenda Japani kuwa chuma chakavu. Piga picha ukiwa mbali, chuma kimeoza. Baharini kwenyewe msiogelee hata siku ikiwa shwari vipi. Mikondo ni mikali, papa wapo, waokoaji hawapo.

Sasa hofu ya mkeo. Ana haki. Dingo, yaani wale mbwa wa porini wa kisiwani, si mbwa koko, na mwaka 2001 mtoto wa miaka 9 aliuawa nao karibu na Waddy Point. Matukio ya kuumwa yameendelea kuwapo tangu hapo, na mengi chanzo chake ni kile kile: watu wamewazoesha chakula. Dingo akishajifunza kwamba binadamu ni jikoni, haogopi tena, na anamkaribia aliye mdogo kuliko wote. Kwa hiyo watoto wenu wote wawili wakae umbali wa mkono wa mtu mzima, muda wote, hata kwenda chooni, hata kwa hatua kumi tu kutoka garini. Idara ya hifadhi inasisitiza hivyo kwa watoto na hata kwa vijana wadogo, na wa kwako wa miaka 9 atalalamika, mwacheni alalamike. Tembeeni pamoja na mkiwa na fimbo. Akija dingo, asikimbie mtu. Kukimbia kunamwamsha hamu ya kufukuza. Simameni wima, mkusanyike mgongo kwa mgongo, mtoto awe katikati, mmtazame, mrudi nyuma taratibu mkiongea kwa sauti nzito. Chakula chote, hata mabaki na karatasi zake, kiwe ndani ya gari lililofungwa. Hema si kabati. Mkiamua kupiga kambi, chagueni zile zenye uzio kama Central Station au Dundubara. Ila kwa familia yenu mimi nisingepiga kambi.

Na hapa ndipo mgongo wa mama unapoingia. Njia za ndani zinarusha watu. Hata kwenye gari zuri lenye dereva mzoefu, ni saa nzima ya kutikiswa juu, chini na kando kwa kilomita chache. Mimi si tabibu, na siwezi kukuambia mgongo wake unavumilia nini. Akishafika, mpelekeni kwa daktari wenu wa Brisbane, mweleze daktari wazi kwamba ni njia mbovu, si matembezi ya kawaida, na umwambie dawa anazotumia. Kama ana mifupa dhaifu, au maumivu yanashuka mguuni, au miguu inakufa ganzi, jibu la daktari huenda likawa hapana, na mnapaswa kulisikia mapema kabla ya kulipia chochote. Akiwa ni mgeni kutoka nje, hana Medicare, bima ya afya ya serikali ya Australia, na gari la wagonjwa Queensland si bure kwake. Bima ya safari iwe imekatwa kabla hajaondoka Tanzania. Kisiwani hakuna hospitali. Msaada unaweza kuchukua saa kadhaa kuwafikia, na pengine uje kwa helikopta.

Daktari akiruhusu, mna njia mbili za busara. Ya kwanza ni kukodi 4x4 halisi. Ina uhuru, ila wewe hujawahi kuendesha mchangani, na siku ya kujifunza isiwe siku ambayo mama yumo ndani. Kama roho yako iko huko, chukua mafunzo ya siku moja ya kuendesha mchangani, kisha uende na wenzako mwaka ujao, magari mawili, wenye koleo, vibao vya kuwekea chini ya tairi na mkanda halali wa kuvutia. Mkanda huo kamwe usifungwe kwenye lile tufe la kuunganishia trela. Likikatika linaruka kama risasi, na limeshaua watu Australia. Kabla ya kukodi, muulize mwenye gari kwa maandishi kama bima inashika mchangani na kwenye maji ya chumvi. Mikataba mingi ya kawaida haishiki, na RAV4 yako vilevile: piga simu kampuni yako ya bima uulize, hata kwa kujua tu.

Ya pili, ambayo ndiyo ningeichagua kwa mwezi wa tisa huu: RAV4 muiache maegesho ya River Heads, kituo cha pantoni upande wa bara, mwendo wa kama saa nne kutoka Brisbane, mpande pantoni kwa miguu hadi Kingfisher Bay upande wa magharibi. Pale kuna hoteli, uzio wa kuzuia dingo, na mabasi makubwa ya 4x4 yanayozunguka kisiwa na madereva wanaoijua bahari. Ulizeni mapema umri wa chini wa mtoto kwenye basi. Mama akae viti vya mbele, asikubali kukaa nyuma ya ekseli ya nyuma, ambako kila shimo linaongezeka. Achague ziara fupi ya ziwani na Central Station. Siku nyingine wewe na watoto mwende ile ndefu ya ufuoni, mkeo abaki naye hotelini wakinywa chai.

Nyangumi msiwatafute kutoka ufuoni. Kuanzia Agosti hadi Oktoba nyangumi wa nundu wanapumzika katika ghuba ya Hervey Bay, na mwezi wa tisa wengi ni mama na ndama wao. Chombo kinaondoka bandari ya Hervey Bay, maji ya ghuba yametulia kuliko bahari kuu, na kwa mgongo wa mama hiyo ni siku nyepesi kuliko zote. Mkienda, nendeni nusu ya kwanza ya mwezi, kabla shule hazijafungwa. Siku za nyangumi ziwe mwanzo, ili kama mama atachoka, kitu alichokijia awe ameshakiona.